Mtungi wa Njano Uliosema Kwe

Mitungi sita ilifika Katandala, mtaa wa Sumbawanga mjini, siku ya Jumatano, imelazwa kwenye Canter juu ya magunia ya dagaa, na utingo aliyeishusha aliishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani aliyejikojolea. Dereva alikuwa ameambiwa huko Kasanga kwamba ni mitungi ya kubebea hewa. Njia nzima, kutoka ziwani hadi Matai na kutoka Matai hadi Sumbawanga mjini, alijiuliza ni mtu gani mwenye akili timamu anayelipia nauli hewa.

Mwenye mitungi aliitwa Loth. Alikuwa na boti Kasanga na biashara ya samaki wa mapambo, vile visamaki vya rangi vinavyoishi kwenye mawe ya Ziwa Tanganyika, ambavyo Wazungu huvifuga ndani ya kioo sebuleni na kuvitazama badala ya kuvikaanga. Kuvikamata lazima mtu azame na wavu hadi kwenye mawe, mtungi wa hewa ukiwa mgongoni. Loth aliipata mitungi yake kwa mfanyabiashara mwingine aliyefunga kazi, akaiacha stoo miaka mitatu, imesimama wima, valvu zimelegea, kila mmoja una maji kidogo tumboni. Chuma na maji, wawili peke yao gizani kwa miaka mitatu. Yaliyotokea humo ndani yalitokea.

Sasa Loth alitaka ikaguliwe, isafishwe kutu, kisha igongwe begani mwaka mpya wa ukaguzi, kwa sababu bila namba hiyo yule mwenye kompresa kule Kasanga alikuwa hajazi mtungi wa mtu. Na mwenye namba za kugonga, kwa Ufipa nzima, alikuwa Fundi Baltazari.

Fundi Baltazari alihudumia mitungi ya kuzimia moto na ile ya gesi ya kuchomelea. Alikuwa na cheti cha ufundi kwenye fremu, kimetundikwa juu karibu na kenchi, mahali ambapo hakuna mteja aliyewahi kukisoma. Alikuwa na seti ya namba za chuma ndani ya sanduku lenye kitambaa chekundu. Alikuwa na sauti. Kitu ambacho hakuwa nacho ni macho. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia mwaka juzi, jicho la kulia kwanza, la kushoto likafuata kwa wivu. Hakumwambia mtu yeyote, na mtaa mzima ulijua.

Macho ya karakana, kwa hiyo, yalikuwa ya Coleta.

Coleta alikuwa na miaka ishirini na mitano na elimu ya darasa la saba. Aliletwa pale kufagia, akafagia mwaka mmoja, halafu siku moja fundi akampa taa na kumwambia achungulie ndani ya mtungi aseme kilichomo. Hakuwa msemaji. Alikuwa na tabia ya kukitazama kitu mpaka kitu chenyewe kione aibu. Tangu siku hiyo kazi ilikwenda hivi: Coleta anachungulia, fundi anauliza, "Unaona nini?", Coleta anajibu maneno matatu, na fundi anamgeukia mteja na kuyarudia kwa maneno thelathini, mengine ya Kijerumani alichodai alifundishwa na Bruda mmoja wa misheni. Kisha anagonga namba, au hagongi.

Safari hii Coleta alikuwa na sababu ya kutazama zaidi. Mdogo wake wa kiume, Timoth, alikuwa kwenye boti ya Loth. Wazamiaji walikuwa sita kwa hesabu ya mdomoni, lakini kwa miezi minane Timoth alikuwa anakaa juu ya boti akishika kamba ya usalama ya wenzake watano walio chini na kupokea vikapu vya samaki, maana Loth alikodi mitungi mitano tu na hapakuwa na wa kwake. Mitungi sita ikipona, Timoth anazama. Ikipona mitano, anarudi kwenye kamba. Tatizo ni kwamba alikuwa ameshawaambia wakwe zake watarajiwa kule Matai kwamba yeye ni mzamiaji, na mkwe mmoja alikuwa ameanza kuuliza mbona nywele zake haziloi.

Kabla ya kuwasha taa yoyote, Coleta aliigonga. Mama yao, Josefina, aliuza vyungu sokoni maisha yake yote, na pale hakuna mwanamke anayeweka chungu kichwani kabla hajakigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Kizima kinaitika, chenye ufa kinakohoa. Coleta alisimamisha kila mtungi juu ya kipande cha tairi, akaugonga ubavuni kwa mpini wa nyundo. Wa kwanza ulisema ngeee, ukaendelea kusema hata baada ya yeye kuacha. Wa pili hivyo hivyo, hadi wa tano. Wa sita ulikuwa wa njano, mzuri kuliko wote, umepakwa rangi mpya na Loth mwenyewe, mchoro wa samaki ubavuni. Ule ulisema kwe.

Akaugonga chini zaidi. Kwe.

Fundi Baltazari, aliyekuwa anasikia vizuri sana, alisema mtungi una mafua tu, umetoka ziwani kwenye joto ukaja kwenye baridi ya Sumbawanga mwezi wa sita, hata yeye kifua kinambana.

Coleta akafungua valvu, akashusha taa ya indiketa ya pikipiki iliyofungwa kwenye waya, akafuatisha kipande cha kioo alichokigandisha kwenye spoku ya baiskeli. Mitano ilikuwa na kutu laini kama unga wa ulezi, imetanda sawasawa. Ule wa njano juu ulikuwa hivyo hivyo, lakini chini, pale maji yalipokuwa yamekaa, kutu ilikuwa imeganda magamba kwa magamba kama ukoko wa ugali. Alisema, "Wa njano, ukoko." Fundi akamwambia Loth kwamba kuna amana kidogo ya oksidi katika eneo la kitako na kwamba hapa ndipo penyewe. Loth akaondoka ameridhika, akaahidi kurudi Ijumaa ya wiki inayofuata, mitungi sita, boti inasubiri.

Dawa ya kutu aliichagua fundi. Alianza kwa kutaja malungu, yale matanuru marefu ya udongo ambamo mababu wa Ufipa waliyeyushia chuma, akayataja kama mtu aliyeyajenga yeye wiki iliyopita. Kisha akasema mababu hao walijua kwamba kinywaji kikichacha kinakula kutu. Mke wake, Jenifa, alikuwa anapika pombe ya ulezi uani. Basi machicha na pombe iliyochacha vikaingia kwenye mitungi kwa faneli, ndoo baada ya ndoo. Tumtendee haki: Coleta mwenyewe aliwahi kuona mundu wa mama yake uliosahaulika kwenye mtungi wa pombe ukitoka mweupe kama jino. Kosa halikuwa pombe.

Kosa lilikuwa inzi. Jumamosi jioni Jenifa alilalamika kwamba inzi wa mkoa mzima wamehamia karakana, na fundi akaamua kuziba midomo ya mitungi. Akaziba kwa magunzi ya mahindi, kama kila mtu wa plato ya Ufipa anavyoziba kibuyu na chupa na galoni. Gunzi linaingia, linagongwa mara mbili, basi. Hata Coleta hakufikiri mara mbili. Walichosahau wote ni kwamba kibuyu kinapumua na chuma hakipumui, na kwamba pombe ya Jenifa ilikuwa haijamaliza kuchemka. Jumapili kutwa, wao wakiwa kanisani, jua likipiga bati, mitungi sita ilikaa imebana pumzi.

Jumatatu asubuhi aliyefika wa kwanza alikuwa mwalimu Oswaldi, katekista wa kigango cha nyumbani kwao Coleta, kijiji kilichoko njia ya kuteremkia Milepa. Mwalimu alikuwa anakuja tangu Alhamisi. Kigango chake kilitumia rimu ya lori kuwa kengele, na rimu hiyo iliibiwa usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu, jambo lililomuumiza kwa sababu, kama alivyosema, mwizi huyo alikuwa amefunga Kwaresima. Alisikia kuna mitungi inakaguliwa Katandala na kwamba mtungi ukikosa afya haurudi ziwani. Alitaka mmoja ukose afya. Hakuona haya kusema kwamba ameliweka jambo hilo katika nia za sala za kigango. Fundi alimjibu kwamba katika karakana hii hakifi kitu, aende akaombee mvua.

Siku hiyo mwalimu aliinama juu ya ule wa njano, akaupapasa, akautikisa kidogo kusikia kama unaumwa.

Gunzi lilimpata kwenye paji la uso, pale pale padre anapopaka majivu. Machicha yakafuata. Magunzi mengine matano yakaitikia moja baada ya jingine, kama watu wa Litania, moja likatoboa bati na halijaonekana hadi leo. Mwalimu Oswaldi aliketi chini taratibu, amelowa pombe kuanzia kichwani hadi kwenye rozari, akabaki hapo akilamba mdomo wa juu kwa mawazo. Kufikia saa sita mchana Katandala yote ilikuwa inasema Fundi Baltazari ameanza kutengeneza radi kwenye mitungi. Watu wawili, mmoja mwenye shati zuri la ofisini, walikuja wakiuliza bei kwa sauti ya chini.

Fundi alisema hilo lilikuwa jaribio la awali, nalo limefaulu.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya Coleta. Aliiosha mitungi, akatia ndani changarawe zenye makali kutoka mtoni, nusu mtungi, akaulaza kila mmoja juu ya magurudumu mawili yaliyozungushwa na mkanda wa mashine ya kukobolea. Mtungi ukizunguka, changarawe zinaporomoka ndani na kukwangua ukuta. Sauti yake ni kama nyumba inayoanguka bila kumaliza. Siku tatu hakuna aliyemsikia mwenzake katika mtaa huo, na Jenifa alisema ndizo siku tatu tamu kuliko zote za ndoa yake. Kisha maji ya moto, si ya baridi, kwa sababu chuma kikioshwa kwa maji ya moto kinakauka chenyewe haraka, na kikicheleweshwa kukauka kutu inarudi kabla hujafika nyumbani. Kisha upepo wa kompresa ndogo.

Alhamisi mchana mitungi yote ilikuwa inang'aa ndani kama sufuria ya sikukuu. Fundi alishika kila mmoja mkononi akasema wameutibu ukoo mzima.

Coleta akashusha taa.

Ile mitano ilikuwa safi: ukuta laini, madoa machache, hakuna shimo ambalo ncha ya waya ingeweza kukwama. Ule wa njano ulikuwa unang'aa kuliko wote, na chini kabisa, kuzunguka kitako, ulikuwa na mashimo kama uso wa mtu aliyeponea ndui. Ukoko ndio uliokuwa umeyaziba. Walipouondoa ukoko waliondoa kilichobaki cha ukuta. Alipitisha waya aliokunja ncha. Ukakwama hapa, ukakwama pale, mahali pamoja ukazama kiasi kwamba aliuacha hapo akautazama muda mrefu.

Alibeba mitungi yote kwa mkokoteni hadi kwa jirani anayenunua mahindi, akaomba mizani. Begani mwa kila mtungi wa chuma kiwanda hugonga uzito wake ulipozaliwa, mtupu, bila valvu. Yote ilizaliwa na kilo kumi na nne na nusu. Mitano ilikuwa imepungua kidogo sana, kama mtu aliyetoka kunyoa. Wa njano ulikuwa na kumi na tatu na robo, pamoja na rangi yake na samaki wake.

Alimweleza fundi. Fundi alisema kilo moja na ushee hiyo ni kutu, kutu ina uzito, si waliitoa? Coleta akasema kutu hiyo ilikuwa chuma kwanza, haikuletwa na Canter. Fundi akasema atautia maji na kuupima kwa pampu, pampu haisemi uongo. Akautia maji, akapampu kwa mkono mpaka mshale wa geji ukafika mwisho na mishipa ya shingo yake ikasimama, na mtungi haukutoa hata tone. Akafuta jasho, akasema umepona.

Pampu ilikuwa ya mitungi ya kuzimia moto. Geji yake iliishia baa thelathini na tano za mgandamizo. Kompresa ya Kasanga inajaza hadi mia mbili.

Jioni hiyo Timoth alifika na Loth kutoka ziwani. Loth akaenda kutafuta chakula, Timoth akaja karakana moja kwa moja, amenyoa, amevaa fulana mpya, amebeba miwani ya kuzamia shingoni kama mtu anayetarajia mafuriko. Aliukumbatia ule wa njano. Akasema huo ndio wake, Loth amemwahidi, Jumatatu anazama. Halafu akamtazama dada yake usoni, akaacha kucheka, kwa sababu uso huo aliujua.

"Kwa hiyo unanirudisha kwenye kamba," alisema.

"Sijasema kitu bado."

"Ndiyo tabia yako. Husemi, unatazama tu. Mama anasema hata nilipozaliwa ulinitazama siku tatu, ndipo ukasema nina kichwa kikubwa."

"Kilikuwa kikubwa."

Timoth alimkumbusha kwamba fundi ameupima. Coleta alimweleza habari za geji, thelathini na tano na mia mbili, akasema ni kama kumjaribu maksai wa plau kwa kumfungia kuku avute. Timoth akasema wavuvi wamezamia mitungi mibaya kuliko hiyo. Coleta akauliza wako wapi, awasalimie. Timoth akasema akirudi kwenye kamba atachekwa Kasanga, atachekwa Matai, mchumba ataolewa na karani wa halmashauri. Aliongea sana, akashusha sauti, akambembeleza, akamwita dada yangu mpenzi, jina alilolitumia mara ya mwisho alipotaka baiskeli. Mwisho akakasirika.

"Mgongo ni wangu, dada."

"Mgongo ni wako. Mama ni wetu wote."

Timoth aliuweka mtungi chini kwa upole, kisha akasema neno ambalo alikuwa amelileta tangu Kasanga akitumaini halitahitajika: kwamba mtu aliyeishia darasa la saba amezungusha changarawe siku tatu na sasa anajiona mhandisi. Akatoka. Coleta akaendelea kufuta valvu kwa kitambaa. Valvu ile ilikuwa safi tangu saa tisa, lakini aliifuta mpaka kiza kikaingia.

Ijumaa asubuhi fundi alivaa koti la bluu, akafungua sanduku lenye kitambaa chekundu, akapanga namba zake. Loth alisimama mlangoni akitazama saa. Timoth alikuwa nje kwenye Canter, haingii. Mwalimu Oswaldi naye alikuwepo, na plasta kwenye paji la uso, ameketi kwenye tairi kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa na kubeba kabisa sanda. Redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo.

"Unaona nini?" aliuliza fundi kwa mtungi wa kwanza.

"Safi. Uzito upo."

Nyundo ikagonga namba. Wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano. Loth alikuwa ameshaanza kutoa funguo mfukoni.

"Unaona nini?" kwa ule wa njano.

Coleta alisema aliyoyaona, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe alipitisha maneno matatu mbele ya mteja. Alisema mashimo yapo kuzunguka kitako, yamepangana, waya unazama, uzito umepungua kilo moja na robo, na sauti imekuwa kwe tangu siku ya kwanza. Loth akasema binti atazame vizuri, huenda taa ni mbovu. Akaongeza, kwa adabu, kwamba wapo mafundi Mbeya wasiokuwa na maneno mengi.

Hapo fundi aliogopa. Alikuwa ametangaza mitungi sita, mtaa mzima umesikia, na jina lake lilikuwa limesimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Akamnyang'anya Coleta taa. Akainama, akaweka jicho lake la kulia, lile jeupe kama ute wa yai, kwenye mdomo wa mtungi, akachungulia kwa muda wa heshima.

"Safi," alisema. "Kama kalisi ya Misa."

Loth alitazama viatu vyake. Mwalimu Oswaldi, ambaye alikuwa na kila sababu ya kusema, alitazama rozari. Kila aliyekuwa ndani alijua kwamba mzee yule asingeona hata nyoka humo, na neno moja tu la kumwambia hivyo lingemvua koti la bluu mbele ya mteja na asingelivaa tena. Coleta alilijua neno hilo. Lilikuwa limefika kwenye ulimi. Fundi alishaokota namba ya kwanza na kuiweka begani mwa mtungi.

Coleta akasema, "Fundi, samahani, nyundo isubiri kidogo," akauvuta mtungi kwa shingo, akaulaza sakafuni, akaubana kwa magoti. Alikuwa amepima jana: urefu wa waya ndani, urefu ule ule nje, akaweka alama ya chaki karibu na mkia wa yule samaki. Akachomeka drili.

Mwaka uliopita alitoboa mtungi mmoja wa gesi ya kuchomelea uliokataliwa, ili asitokee mtu akaujaza kwa siri. Ilichukua asubuhi nzima na biti tatu, na jasho lake lilitosha kufulia. Safari hii mtangazaji wa redio alikuwa anasoma majina ya watoto wa marehemu mmoja wa Laela. Drili ililia kidogo, ikakohoa, ikazama mpaka kwenye shingo ya biti. Mtangazaji alikuwa bado hajafika kwa wajukuu.

Coleta akaichomoa. Chenga za chuma zilizotoka zingejaa kwenye kizibo cha soda na nafasi ikabaki.

Loth alitoa maneno ambayo mwalimu Oswaldi, kwa nafasi yake, alilazimika kukohoa juu yake. Fundi Baltazari alipiga magoti, akatafuta tundu kwa vidole, akalipata, akaingiza ukucha. Vidole vyake havikuwa na mtoto wa jicho. Alipapasa ukingo wa tundu, akaupapasa tena, mwembamba kama wa kopo la nyanya. Midomo yake ilicheza. Coleta alimwona akipiga hesabu ile ile aliyopiga yeye jana jioni: mia mbili ndani, kopo la nyanya nje, na katikati mgongo wa mtu.

Akasimama, akajifuta magoti, sauti ikarudi mahali pake.

"Bwana Loth," alisema, "kama nilivyotangulia kusema tangu mwanzo, huu umekufa."

Coleta akaenda kuzima redio.

Loth alichukua mitano. Alisema hatarudi tena, ingawa hadi leo hajapata kwingine pa kwenda karibu kuliko Mbeya. Timoth alipokea mitungi juu ya Canter mmoja mmoja bila kumtazama dada yake, na ulipokosekana wa njano hakuuliza. Alikaa juu ya magunia, miwani shingoni, akageukia upande wa Matai. Drili ilikuwa haijapoa na mwalimu Oswaldi alishafika na mkokoteni. Alipoulizwa aliujua vipi wakati wa kuja nao, alisema aliuacha kona tangu asubuhi, kwa imani.

Wiki tatu baadaye Timoth alipanda kutoka ziwani kuja kusaidia kuvuna ulezi. Alimsalimia mama, akamsalimia Coleta kwa mdomo tu, akala, akalala. Jumapili wakaenda wote kigangoni, ambako ule wa njano ulikuwa umening'inizwa kwa shingo kwenye boriti ya mlingoti iliyolazwa juu ya nguzo mbili, samaki wake akitazama altare. Siku hiyo ndiyo ulikuwa unazinduliwa. Padre alikuwa amekuja, kwaya imevaa sare. Mwalimu Oswaldi alishika kipande cha nondo, akavuta pumzi, akaupiga kwa nguvu za miezi mitatu bila kengele.

Kwe.

Akaupiga tena. Kwe. Mtoto mmoja akacheka, mama yake akamfinya, kisha mama mwenyewe akacheka. Kwaya ikaanza wimbo kabla ya wakati ili kufunika aibu. Padre alibariki kengele kwa maji mengi kuliko kawaida, labda akidhani ina kiu.

Baada ya Misa mwalimu alimfuata Coleta na malalamiko. Alisema ameombea mtungi ufe, lakini hakuombea ufe kiasi hiki. Coleta akamwambia agonge juu, karibu na bega, huko bado kuna chuma. Kabla mwalimu hajajaribu, Timoth alimwondolea nondo mkononi. Aliugonga begani: ngee, si haba. Akashuka kidogo, akagonga. Akashuka tena. Kadiri alivyokaribia mkia wa samaki ndivyo sauti ilivyozidi kuzama, mpaka ikawa kama mtu anayegonga debe la mafuta. Akaacha kugonga. Akaingiza kidole kwenye tundu, akakizungusha ukingoni taratibu, muda mrefu, kama alivyofanya fundi. Watu walikuwa wanatawanyika, wengine wanamtania mwalimu kwamba kengele yake inafaa kuita bata.

Timoth alichomoa kidole, akakitazama. Akajifuta kwenye suruali ya Jumapili.

Walitembea kurudi nyumbani hadi wakavuka kijito, wakapita shamba la kwanza la ulezi na la pili. Coleta hakuwa na haraka. Kwenye shamba la tatu Timoth alikohoa.

"Dada," alisema, "ile kamba ninayoshika. Kuna mahali imeanza manyoya."

"Manyoya mangapi?"

"Sijahesabu."

"Wenzako watano wako chini, na wewe hujahesabu."

Timoth alipiga teke jiwe, likaruka mbele yao, akalifuata, akalipiga tena.

"Ilete," alisema Coleta. "Na usiioshe kwanza, nataka kuiona ilivyo."